Fizikia ya maada mpya: jibu kwa mdogo wangu wa Masasi

Umemaliza PCM (fizikia, kemia na hisabati) na unauliza kama kusomea fizikia ya yabisi, hasa upande wa maabara wanakotengeneza maada mpya, ni kazi ya kumlisha mtu, na kama lazima uwe kipanga wa hesabu. Mimi ni wa Ruangwa, nipo kwenye kazi hii mwaka wa kumi na mbili.

Hesabu utazihitaji, ila kinachokula siku zako ni mikono. Sampuli yangu ya kwanza ilikuwa sapakondakta ya itriamu, bariamu na shaba, iliyogunduliwa 1987. Ukiipoza hadi kelvini 90 na kitu hivi (karibu nyuzi 180 chini ya sifuri), umeme unapita bila ukinzani wowote, na naitrojeni ya kimiminika (kelvini 77) inatosha kuifikisha huko. Unasaga unga kwenye kinu cha akiki mpaka bega linawaka, unachoma, unasaga tena, unagandamiza kidonge, unakirudisha kwenye tanuri kwa nyuzi zaidi ya 900, halafu unakipoza taratibu ndani ya oksijeni.

Usiku huo umeme ukakatika. Asubuhi kidonge kilikuwa cheusi, kizuri, jicho halioni kasoro. Nikabandika nyaya nne kwa gundi ya fedha, mbili za kupitisha mkondo, mbili za kupima volti, nikakizamisha kwenye naitrojeni. Ukinzani ukapanda badala ya kushuka. Oksijeni haikupata muda wa kuingia! Wiki tatu za kazi. Msimamizi akaniambia nisikitupe, nikirudishe kwenye oksijeni kwa nyuzi 450. Siku nne baadaye, kwenye kelvini 91, namba ikaporomoka mpaka sifuri. Nilitoka nje nikampigia mama, akiwa shambani anaokota korosho. Hakuelewa ni nini, lakini alipiga kigelegele.

Kuhusu maisha: baada ya uzamivu utaishi kwa mikataba ya miaka miwili miwili, na heliamu ya kupozea ni ghali kiasi kwamba muda mwingi unaandika maombi ya fedha. Hilo linachosha kuliko tanuri. Kwa fedha ya haraka, kuna njia nyingine.

Lakini fikiria kinywe chetu (grafiti), yale madini meusi ya kwenye penseli. Mwaka 2004 pale Manchester, Andre Geim na Konstantin Novoselov walibandua kinywe kwa selotepu mpaka wakapata tabaka la atomi moja, grafini, na 2010 wakapewa Nobeli. Ruangwa tunakikanyaga kila siku. Natamani sana mtoto wa huku akipime kwa mikono yake badala ya kukiona kikipita kwenye malori tu.

Anzia Idara ya Fizikia pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam; ukimaliza, Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha wanasomesha sayansi ya maada kwa uzamili. Mwaka wa kwanza usisubiri mhadhara: mtafute fundi wa maabara, muombe akufundishe kulehemu waya mwembamba kama unywele. Mimi nilijifunza hilo nikiwa uzamivu, nimechelewa sana.