Kuosha vioo Malindi kama kazi ya kutegemewa: jibu kwa ndugu mwenye mtaji wa shilingi 15,000

Ndugu yetu wa Muyeye aliyeachishwa kazi hotelini ameeleza kwamba amebakiwa na shilingi 15,000, na anataka kujua kama kuosha vioo vya madirisha kunaweza kumpa mtu pesa ya kutegemewa kila mwezi au ni kibarua cha kubahatisha. Kazi hii nimeifanya hapa Malindi tangu 2016, nayo ndiyo inayolipa kodi ya nyumba yangu na karo ya watoto wawili, kwa hivyo nitamjibu kwa kirefu. Inawezekana, ila si kwa njia ambayo wengi wetu tuliingilia. Wengi huanza kwa kuzifuata nyumba kubwa za pwani, kule Casuarina na Silversands, kwa sababu malipo ya siku moja pale yanatia moyo. Nami nilianzia huko, na kwa miaka minne sikuwahi kujua mwezi ujao ningepata nini.

Sababu yake kila mwenyeji anaijua, ingawa ni wachache wanaoipigia hesabu. Nyumba hizo hujaa kuanzia Desemba hadi Machi wakati wa kaskazi, hujaa tena Julai na Agosti, lakini masika yakiingia Aprili wenyewe hurudi Ulaya, hoteli kadhaa hufunga, na anayebaki nyumbani ni msimamizi na askari wa lango. Kwa hivyo mtu anayeosha nyumba za wageni peke yake hula vizuri miezi sita, kisha hukopa dukani miezi inayobaki. Mwaka 2020 ndio ulionifunza kabisa. Machi 25 safari za ndege za kimataifa zilisimamishwa nchini na hazikurudi hadi Agosti 1. Mimi nilikuwa na nyumba tisa, na kufikia katikati ya Aprili nilibakiwa na moja.

Katika wiki hizo niliangalia ni nani mjini bado alikuwa anafungua mlango kila asubuhi. Maduka ya dawa yalikuwa wazi, maduka ya vyakula yalikuwa wazi, kadhalika wauza simu, kliniki, na ofisi ndogondogo za barabara ya Lamu. Wote hao wana milango ya vioo inayoshikwa na mikono ya watu mchana kutwa, na wakati ule kila mtu alikuwa na hofu ya kushika kitu kichafu. Hapo nilibadili kitu ninachouza. Niliacha kuuza kazi ya siku moja, nikaanza kuuza siku maalumu ya wiki: kila Jumanne kabla ya saa mbili asubuhi kioo chako kitakuwa kimeoshwa, uwepo usiwepo, bila ya wewe kunipigia simu. Mwenye duka akishalizoea jambo hilo, hafikirii tena kama akuite au asikuite, na malipo yako yanakuwa sehemu ya gharama zake kama umeme na maji.

Naomba nieleze namna ya kuwapata, kwa maana hapa ndipo vijana wengi wanapokata tamaa. Usiingie dukani mchana wakati mwenyewe ana wateja. Nenda mapema anapofungua, msalimie kwa heshima inayostahiki, sabalkheri mzee au shikamoo mama, na umwombe ruhusa ya kuosha upande mmoja tu wa mlango wake bila malipo. Ukimaliza, usimshike kwa maneno mengi. Mwachie namba yako uende. Jua likipanda, tofauti ya pande mbili ataiona mwenyewe, na wateja wake wataiona pia. Katika kila maduka kumi niliyoyafanyia hivyo, matatu au manne yalinipigia simu wiki hiyohiyo. Kumbuka vilevile kwamba mji wetu una saa zake: Ijumaa adhuhuri usimsumbue mtu anayefunga kwenda msikitini, na katika mwezi wa Ramadhani maduka mengi hufunguliwa kwa kuchelewa, kwa hivyo panga upya ratiba na uwaarifu wateja kabla mwezi haujaandama.

Kuhusu pesa nitasema wazi, kwa kuwa watu wa kazi hii huficha bei zao na wanaoanza wanaumia. Leo nina maduka 22 ya kila wiki. Kumi na sita ni madogo, yenye mlango na dirisha moja, nayo hunilipa shilingi 200 kwa kila mara. Sita ni makubwa na hulipa 400. Jumla ni shilingi 5,600 kwa wiki, yaani 22,400 kwa wiki nne. Kiasi hicho hakijali ndege imetua au haijatua. Juu yake naweka nyumba tano za wenyewe walio nje ya nchi, ambazo nitazizungumzia sasa hivi, kila moja shilingi 2,500 kwa mwezi, na hizo zinaongeza 12,500. Nikitoa karibu 4,000 za sabuni, vitambaa na nauli ya boda, ninabakiwa na zaidi ya 30,000, na kazi zote za msimu wa wageni huingia kama nyongeza. Mtu anaweza kusema shilingi 200 ni kidogo ukilinganisha na 3,500 ya nyumba kubwa. Ni kidogo kweli, lakini mlango wa duka huchukua dakika 12, maduka yamefuatana kwa miguu, na pesa inaingia kwenye simu kabla sijafika duka la pili.

Sasa nyumba zilizofungwa. Watu hudhani nyumba isiyo na mtu haihitaji kuoshwa vioo, kumbe ndiyo inayohitaji zaidi. Pwani yetu inatazama mashariki. Kaskazi hutoka kaskazini-mashariki na kusi hutoka kusini-mashariki, kwa hivyo pepo zote mbili huja na chumvi ya bahari mwaka mzima, na kusi ndiyo kali zaidi. Chumvi ikitua juu ya kioo huvuta unyevu wa usiku, unyevu hunasa vumbi, na baada ya miezi mitatu kuna utando ambao kitambaa hakiutoi. Fremu za alumini nazo hutoa unga mweupe, zinachimbika vishimo, na madirisha ya kusukuma hukwama kwenye reli zake. Mwenye nyumba akirudi Desemba hukuta gharama ya fundi. Mimi huwaeleza wasimamizi hivyo, nikaahidi kusuuza vioo, fremu na reli kwa maji mengi mara moja kwa mwezi, kisha nikapiga picha za kila dirisha na kuzituma siku hiyohiyo. Picha ndizo zilizoniletea nyumba ya nne na ya tano, kwa sababu mtu aliye mbali hulipa kwa moyo mweupe anapoona alicholipia. Tena usimpite msimamizi ukazungumza na tajiri wake pembeni. Yeye ndiye mwenye ufunguo, na heshima yake pale ndiyo inayokuweka wewe.

Katika nyumba hizo utakutana na tatizo la maji. Visima vingi vya Malindi vimechimbwa katika mwamba wa matumbawe, na maji yake yana chokaa na mara nyingi chumvi. Tone likiachwa likaukie juani linaacha doa jeupe. Mabomba ya kumwagilia bustani yanayorusha maji hadi dirishani ndiyo mabaya kuliko yote. Nimeona vioo vilivyoharibika kabisa kwa sababu hiyo, na sasa kitu cha kwanza ninachofanya katika nyumba mpya ni kumwomba mtunza bustani ageuze bomba. Doa jipya hutoka kwa siki iliyochanganywa na maji, ukiliacha dakika chache kabla ya kupangusa. Lakini siki usiiache ichuruzike kwenye ukuta uliopakwa chokaa, wala kwenye kizingiti cha jiwe la matumbawe au marumaru, kwani hula chokaa na kuacha alama ambayo haifutiki. Kwa suuza ya mwisho mimi hutumia maji ya mvua ninayokinga wakati wa masika katika mapipa mawili, na yakiisha hutumia ya mfereji, mradi nikaushe kioo mara moja.

Jua nalo lina kanuni yake. Sabuni ikikauka kabla hujaikokota inaacha michirizi, na utarudia kazi bure. Asubuhi jua linatoka baharini, basi anza na madirisha yanayotazama mjini; alasiri, jua likiwa nyuma ya nyumba, geukia yale ya baharini. Kabla ya kugusa kioo chochote kwa kitambaa, kimwagie maji kwanza, kwa kuwa mchanga uliochanganyika na chumvi hukwaruza.

Jambo la kukwaruza ninalisema kwa uchungu. Mwaka 2018 mwenye jengo jipya alinipa kazi ya kutoa matone ya saruji na rangi kwenye vioo kabla ya wapangaji kuingia. Nilikubali bei kwa furaha, nikachukua wembe wa kukwangulia, nikaanza pakiwa pakavu. Jioni, jua la upande likapiga, tukaona mistari kwenye vioo vinne vikubwa, vile vilivyokazwa kwa moto. Sikulipwa, na nilitoa pesa yangu kwa miezi mitano kusaidia kuvibadilisha. Tangu hapo, kazi ya jengo jipya siichukui bila ya kulowesha kioo muda mrefu, bila ya kujaribu kwenye pembe moja mbele ya mwenyewe, na bila ya karatasi iliyotiwa sahihi inayoonyesha mikwaruzo iliyokuwepo kabla sijaanza. Ndugu, kwa mwaka wa kwanza kazi za namna hiyo ziache kabisa.

Ngazi pia. Mimi siendi juu zaidi ya ghorofa ya kwanza kwa ngazi, na hata huko natumia mpini mrefu kila ninapoweza, nikiwa nimesimama chini. Kijana niliyekuwa nikifanya naye kazi aliteleza kwenye baraza yenye marumaru iliyolowa, akavunjika mkono, na wiki sita za kukaa nyumbani kwa mtu aliyejiajiri ni wiki sita bila chochote. Weka mguu wa ngazi mbali na ukuta kwa kiasi cha robo ya kimo chake, funga tambara au mpira chini yake, na ngazi ya alumini isikaribie nyaya za umeme. Jisajili mapema na SHA, bima ya afya ya serikali, ambako mchango wa chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi.

Juu ya madeni sitasema mengi. Hoteli moja ilinizungusha malipo ya miezi mitatu, kila siku mhasibu yuko Mombasa, na mwishowe nilipata nusu. Sasa mteja mkubwa hutoa arbuni ya nusu kabla ya ndoo kushuka, na mteja wa kila wiki akipitisha wiki mbili bila kulipa, namwambia kwa upole kwamba nitamsubiri, nami naendelea na mwenzake. Nina daftari moja lenye jina la duka, siku yake, bei yake na alama ya aliyelipa, ambalo hulifungua kila Jumamosi jioni. Hilo daftari ndilo linaloniambia mapema kwamba mteja fulani anaanza kulegea, hivyo humtembelea kumuuliza kama kuna kosa nililofanya. Mara mbili kosa lilikuwa langu, nililirekebisha na mteja akabaki.

Kwa shilingi 15,000 usinunue vitu vingi. Nunua vikokotea maji viwili vya mpira (squeegee), kimoja kipana na kimoja chembamba cha madirisha madogo, pamoja na mipira ya akiba, maana mpira uliokatika kidogo tu unaacha mstari. Nunua ndoo mbili, sponji, vitambaa visivyotoa nyuzi angalau 12, sabuni ya kawaida ya vyombo na siki. Magazeti yaache, wino wake huchafua fremu nyeupe. Ngazi ya kukunja ya futi sita inatosha kwa maduka, na mpini mrefu utaununua ukipata nyumba ya kwanza. Lipia kibali cha biashara cha kaunti, na uombe cheti cha tabia njema cha polisi kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwa kuwa msimamizi wa nyumba atakuuliza kabla hajakufungulia lango. Elfu tatu zibaki bila kuguswa kwa nauli na chakula cha wiki mbili za mwanzo.

Ningekushauri uanze Septemba. Kusi inakuwa inalegea, vioo vya mji mzima vimejaa chumvi, na una miezi mitatu ya kuunda mzunguko wa maduka kabla wasimamizi hawajaanza kufungua nyumba na kutafuta mtu wa kuziandaa. Ukifika Desemba ukiwa na maduka hata kumi ya kila wiki, zikatalie nyumba za wageni zitakazokutaka uyaache maduka hayo siku zake. Ukitaka kuona kazi inavyokwenda, Jumanne saa kumi na mbili na nusu asubuhi huwa naanzia upande wa Uhuru Garden. Njoo na kitambaa chako tupite pamoja hadi saa tatu.