Tabia ya mwanzilishi na kampuni yake: barua kwa mwanangu

Moshi

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kama mtu mkimya anayehakiki kila hatua, kama ulivyo wewe, anafaa kuanzisha kampuni ya vitendanishi vya kupimia magonjwa, au ubaki na utafiti wako huko Arusha na kumwachia mwenzako mchangamfu aiongoze peke yake. Unafaa sana. Ila kampuni hiyo isiongozwe na mmoja wenu peke yake.

Kitendanishi hakiingii sokoni mpaka TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, iridhike nacho, na kabla ya hapo mtapata majibu mabaya mara nyingi kuliko mazuri. Wafanyakazi watakusoma usoni siku ya jibu baya la kwanza, na kuanzia hapo watajua kama ukweli unasemeka mbele yako au unafichwa. Ndivyo tabia ya mwanzilishi inavyokuwa tabia ya kampuni nzima.

Elizabeth Holmes alianzisha Theranos, kampuni ya Marekani ya kupima damu, mwaka 2003 akiwa na miaka 19, na ushawishi wake ulivuta fedha hadi kampuni ikathaminiwa dola bilioni 9. Mashine yake ya kupima matone machache ya damu haikuaminika. Erika Cheung, msichana aliyefanya kazi katika maabara yao, aliona sampuli za udhibiti zikishindwa, akasema, asisikilizwe, akaondoka. Wewe unajua uzito wa jambo hilo, maana umekua ukiniona kazini: kabla hatujagusa damu ya mgonjwa asubuhi, tunapitisha kwenye mashine sampuli ambayo kiwango chake tunakijua, na sukari iliyopaswa kusoma 5.5 ikisoma 7, hakuna jibu linalotoka hata kama daktari amesimama mlangoni akilisubiri. Theranos haikukosa wataalamu. Ilikosa mtu ambaye neno lake lingeweza kuizuia mashine. Januari 2022 Holmes alikutwa na hatia ya kuwalaghai wawekezaji.

Linganisha na Genentech, kampuni ya Marekani ya kutengeneza dawa kwa kutumia bakteria, iliyoanzishwa mwaka 1976 na Robert Swanson, kijana wa fedha mwenye haraka, pamoja na Profesa Herbert Boyer. Swanson alitaka waende moja kwa moja kwenye insulini. Wanasayansi walishikilia kwamba waanze na homoni ndogo zaidi, somatostatini, ili wahakikishe kwanza kwamba bakteria wanaweza kuitengeneza. Akakubali, ikafaulu mwaka 1977, na mwaka uliofuata wakapata insulini ya binadamu, ambayo Marekani iliidhinisha itumike mwaka 1982. Ninachokithamini hapo ni kule kukubali. Haraka yake ilileta fedha na kuwasukuma wenzake, lakini haikuwanyima sauti.

Nawe una hatari yako, mwanangu, nami siwezi kuinyamazia. Utarudia jaribio ambalo limekwisha kutosha, mishahara itakukuta bado unarudia, na hapo utamhitaji mwenzako akuambie basi. Msikilize kama unavyotaka yeye akusikilize.

Kabla hamjaenda kusajili kampuni kwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, andikeni katika makubaliano yenu ni nani mwenye mamlaka ya kusimamisha mauzo sampuli za udhibiti zinaposhindwa, na asiwe mwenye kazi ya kutafuta fedha. Mwenzako akikataa kipengele hicho, usitie saini. Nitumie rasimu niisome pamoja na baba yako, kisha tuzungumze mkija nyumbani nyote wawili.

Mama yako