Siku 90 baada ya hukumu ya Mahakama ya Rufaa ya Shirikisho, Marekani: jibu kwa aliyeuliza kuhusu kaka yake

Ndugu, umeeleza kwamba Mahakama ya Rufaa ya Shirikisho iliyoko Cincinnati imeikataa rufaa ya hifadhi ya kaka yako anayeishi Louisville, na kwamba barua ilimfikia kwa kuchelewa. Umeuliza kama siku 90 za kwenda Mahakama ya Juu zinaanzia siku alipoipokea.

Hapana. Zinaanzia siku hukumu ilipoingizwa kwenye kumbukumbu za mahakama, hata kama barua ilipotea njiani au mhusika alikuwa amehama nyumba. Nimefanya kazi kwa miaka kadhaa katika ofisi ya wakili anayeshughulikia rufaa za uhamiaji, na kwa niliyoyaona huko ninakuomba umpigie karani wa mahakama hiyo leo, uthibitishe tarehe hiyo.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni kwamba familia nyingi huzishika siku 90 peke yake, ilhali hatari huja mapema zaidi. Maombi ya kusikilizwa upya, mbele ya jopo lile lile la majaji watatu au mbele ya majaji wote wa mahakama hiyo, huwasilishwa ndani ya siku 14. Lakini katika shauri la madai ambalo serikali ya shirikisho au ofisa wake ni mhusika, kama yalivyo mashauri haya ya uhamiaji, muda ni siku 45, isipokuwa mahakama yenyewe iwe imeubadilisha. Muda huo ukipita bila maombi, siku 7 baadaye mahakama hutoa hati ya utekelezaji, yaani hati rasmi inayoifanya hukumu ianze kutekelezwa, na kwa kawaida zuio la kuondolewa nchini ambalo mahakama ilikuwa imelitoa huishia hapo. Hesabu mwenyewe: ni kama siku ya 52, wakati mtu anaamini kwamba bado ana zaidi ya mwezi mzima.

Maombi yakiwasilishwa kwa wakati, hati hiyo husubiri mpaka yaamuliwe, na yakikataliwa, siku 90 huanza upya kuanzia tarehe ya kukataliwa. Hata hivyo yasiandikwe kwa ajili ya kuchelewesha tu, kwa kuwa ni lazima yaonyeshe hoja ya sheria au ukweli ambao majaji waliupita au waliuelewa vibaya. Kurudia hoja zile zile hakusaidii.

Kwenda Mahakama ya Juu peke yake hakusimamishi chochote. Kabla hati haijatolewa, wakili aiombe Mahakama ya Rufaa iizuie, akionyesha kwamba kuna swali zito la kisheria na sababu ya msingi. Mahakama ya Juu hupokea maelfu ya maombi kila mwaka na kusikiliza pungufu ya 100, kwa hiyo mzungumze na wakili kwa uwazi kama shauri hili lina swali la namna hiyo. Ada ni dola 300, na asiye na uwezo anaweza kuomba asamehewe. Jaji wa Mahakama ya Juu anaweza kuongeza hadi siku 60 juu ya zile 90, lakini ombi la nyongeza lifike angalau siku 10 kabla ya mwisho.

Ukiipata tarehe ya hukumu, iandike hapa bila jina wala namba ya shauri, nami nitakuhesabia siku ya 45 na ya 90.