Muulize Fundi: Kompyuta ya 2011 inaganda, niirudishie Windows 7?

SWALI: Fundi, salaam. Kompyuta yetu ya mezani tuliinunua mwaka 2011 ikiwa na Windows 7, baadaye tukaipandisha hadi Windows 10. Sasa ukiiwasha inaganda kwenye nembo hata nusu saa, na saa yake hurudi mwaka 2009 kila ikichomolewa kwenye umeme. CD ya Windows 7 bado ninayo. Niipige upya? Picha za watoto zote zimo humo humo.
Mama wa Watatu

JIBU: Mama, hiyo CD irudishe kabatini kwanza. Wengi mashine ikiganda hukimbilia kufomati, kumbe mgonjwa ni diski. Iwashe, sogeza sikio karibu na kasha. Ukisikia tik, tik, kimya, halafu tik tena, diski inakata roho, na kuiwekea Windows upya ni kuimalizia pumzi zilizobaki. Picha zitaondoka nayo.

Hilo la saa ni dogo. Kwenye madabodi (bodi kuu ya ndani ya kompyuta) kuna betri bapa mfano wa sarafu, imeandikwa CR2032. Imekwisha. Ibadilishe kabla ya lolote, maana mashine inayodhani tuko 2009 haifungui tovuti nyingi: inaona vyeti vyao vya usalama kama vya uongo.

Windows 7 sikushauri. Microsoft ilimaliza msaada wake tarehe 14 Januari 2020, na wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 nayo inadai TPM 2.0, yaani chipu ya usalama, ambayo mashine ya 2011 haina. Ningekuwa mimi ningeweka Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows, toleo lake liitwalo Xfce. Ni nyepesi, RAM ya GB 4 inaitosha.

Tena inawaka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Tengeneza flashi ya Mint ya GB 8 kwenye kompyuta nyingine, ichomeke, washa huku ukigonga F12 (kwingine ni F2, Esc au Del), uichague. Ikishafunguka, ingia diski ya zamani, folda ya Users, unakili picha kwenye diski ya nje. Fungua tano sita uone kama kweli zinafunguka. Kunakili kukikwama-kwama, jibu umelipata: tafuta SSD (diski ya kasi isiyo na sehemu zinazozunguka) ya waya wa SATA, ule wa diski za kawaida, uweke Mint humo. Hata diski ikiwa nzima, SSD ndiyo itakayoiamsha mashine hiyo.

Ukifika pa kuchagua diski ya kusakinishia, tulia. Mimi niliwahi kuletewa sda na sdb (ndivyo Linux inavyoziita diski), zote GB 500, usiku wa manane, macho mazito. Nikabonyeza. Niliyoifuta ilikuwa diski yangu ya nje, nakala za miaka minne. Siku hizi nikimaliza kunakili naichomoa, naipeleka chumba kingine, ndipo narudi kusakinisha.