Re: PCB pointi 10, nitapata udaktari Muhimbili?

Mdogo wangu wa Iringa, hongera kwanza. Unauliza kama B ya Baiolojia na C mbili za Kemia na Fizikia zinatosha kusomea MD (shahada ya udaktari) pale MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili. Sifa unazo: B ni pointi 4, C ni 3, jumla 10, na kiwango cha chini ni 6. Ila hiyo 6 inakuruhusu kuomba tu. Nafasi ni za ushindani, na wenye A tatu nao wanaitaka Muhimbili. Omba, lakini usikiache chuo cha afya cha UDSM (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam) hapa Mbeya, MD ipo, na hospitali ya rufaa ya kanda ni darasa zuri sana. Ukichaguliwa chuo zaidi ya kimoja, thibitisha kimoja mapema kabla muda wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) haujaisha.