Je, machozi ya mama yanamwadhibu mwanawe kaburini?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Kaka yetu amefariki miezi miwili sasa. Mama bado analia, hasa usiku. Jamaa wamemwambia msiba ni siku tatu tu, na kwamba kila chozi lake ni adhabu kwa mwanawe kaburini. Siku hizi analia kwa kujificha, hataki hata tumtaje marehemu. Nimwambie nini?

JIBU: Wa alaykumus salaam. Mwenyezi Mungu amrehemu kaka yenu na amtie mama nguvu. Nimelisoma swali lako kwa uchungu. Kufiwa na mwana kunatosha. Nani kawatuma kumwongezea mama huyu hatia?

Hadithi kwamba maiti huadhibiwa kwa kuliliwa na watu wake ipo, na ni sahihi. Lakini ilipomfikia Bibi Aisha, mke wa Mtume, radhi za Allah ziwe juu yake, aliipinga kwa Aya isemayo kuwa hakuna mbebaji atakayebeba mzigo wa mwingine. Na wanachuoni wengi walioichukua wamesema inamhusu aliyeusia aombolezwe kwa mayowe, au aliyejua hiyo ndiyo ada ya watu wake asiwakataze. Tena kilio chenyewe ni kile cha kupasua nguo, kujipiga mashavu na kumlaumu Mola. Mtume ﷺ alimlilia mwanawe Ibrahim. Alilia pia alipomzuru sahaba wake Saad bin Ubada mgonjwa, akasema Mwenyezi Mungu haadhibu kwa chozi la jicho wala kwa huzuni ya moyo, bali kwa hiki, akaashiria ulimi wake. Hao jamaa zenu wachunge ulimi basi.

Na hizo siku tatu? Hadithi mashuhuri inahusu mwanamke kuacha kujipamba kwa ajili ya maiti asiyekuwa mumewe. Watakutolea pia ile ya watu wa Jaafar, binamu yake Mtume aliyeuawa vitani, walioambiwa baada ya siku tatu wasimlilie tena. Hiyo ni kufunga maombolezo, haiwezi kuwa katazo la chozi linalomshinda mtu: Mtume mwenyewe alizuru kaburi la mama yake, aliyefariki yeye akiwa mtoto wa miaka sita, akalia mpaka akawaliza waliokuwa pamoja naye. Nabii Yaaqub naye wanawe walimsema vivyo hivyo, kwamba hataacha kumkumbuka Yusuf mpaka aangamie. Akawajibu kuwa huzuni yake anamshitakia Mwenyezi Mungu.

Sasa wewe. Mtaje kaka yako mbele ya mama, uanze wewe. Akisimulia kisa ulichokwisha kukisikia mara nyingi, kisikilize tena, na usithubutu kumwambia "bado unao wengine". Watu wa Jaafar Mtume aliwaagizia chakula, kwa kuwa limewafika la kuwashughulisha. Nanyi mpunguzieni mama kazi. Akitaka la kumfanyia mwanawe, atoe sadaka kwa niaba yake, inamfikia. Usiku ukimsikia analia, ingia ukae naye. Na ukiona hali wala halali kwa majuma, mpeleke kwa daktari, na atakayesema huo ni upungufu wa imani mwambie aje kwangu.