Wifi yangu anatembea mbio, mimi polepole, tutafika kweli?

SWALI: Shikamoo shangazi. Mimi na wifi yangu mwezi wa tano tunaenda kutembea ile njia ya mahujaji ya Mtakatifu Yakobo, kuanzia Saint-Jean-Pied-de-Port kule Ufaransa mpaka Santiago de Compostela Hispania, kama kilomita 780 hivi. Ni nadhiri tuliweka wote wawili mama mkwe alipokuwa anaumwa sana, na alipona. Sasa tumeanza mazoezi naona yeye anaenda kama anafukuzwa, mimi nina goti linanisumbua nachoka haraka, akinisubiri naona aibu namchelewesha, akiniacha naumia moyoni. Nampenda wifi yangu, sitaki turudi hatuongei. Tufanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza nimefurahi sana kusikia mama amepona.

Nadhiri yenu ni ya kufika. Hamkuahidi kutembea sako kwa bako kilomita zote hizo, na wengi wanaogombana njiani wanagombania hapo hapo, mmoja anadhani kutembea pamoja ni kuonana muda wote. Mwenye mwendo wa haraka ukimlazimisha aende polepole naye anaumia, miguu inachoka vibaya kuliko akienda mwendo wake, na wewe ukimkimbiza yeye goti halitakusamehe. Kwa hiyo kila mtu mwendo wake, lakini kila jioni mnalala mji mmoja. Mkubaliane usiku kabla ya kulala: kesho tunalala wapi, tutasubiriana wapi katikati, na ikitokea mmoja kashindwa anatuma meseji saa ngapi. Kupotea ni kugumu, mishale ya njano iko kila mahali, ilianza kuchorwa na padri mmoja wa O Cebreiro, Elías Valiña, miaka ya 1980.

Nakuambia hivi kwa sababu mimi nilitembea njia hiyo hiyo na rafiki yangu na tulikosea. Hela zote tuliweka kwenye pochi moja, akawa anabeba yeye, siku ya tatu tukaachana kwenye mlima yeye mbele mimi nyuma, nikatembea mpaka mchana sina hata hela ya maji, nilipomkuta nimekasirika mpaka nalia na yeye hata hajui kosa lake nini. Basi kila mtu abebe vyake, pasipoti, hela, dawa, chaja, na kile kijitabu cha hujaji cha kugongwa mihuri, manake bila kijitabu hosteli za mahujaji hazikupokei.

Na kwenye hizo hosteli kuna jambo litawagusa nyinyi moja kwa moja. Zile za manispaa nyingi hazikubali kuwekewa nafasi, anayefika kwanza ndo anapata kitanda, na mara nyingi wifi yako hataruhusiwa kukushikia cha kwako hata akiomba vipi, mpaka ufike mwenyewe na kijitabu chako. Usije ukamlaumu kwamba hakukupigania. Siku mnayojua ni ndefu pigeni simu mapema hosteli za binafsi, zile zinakubali, bei inapanda kidogo ila mnalala na amani.

Sasa goti. Hapa mwanangu nitakuwa mkali. Siku ya kwanza kuvuka milima ya Pirenei mpaka Roncesvalles ni kilomita kama 25 na mnapanda zaidi ya mita 1,200, halafu kuna mteremko mkali, na mteremko ndo unaoua magoti kuliko kupanda. Muone daktari kabla hamjaondoka, beba fimbo mbili za kutembelea, na siku hiyo igawanyeni, kuna sehemu ya kulala Orisson kama kilomita 8 tu toka mnapoanzia, lakini wekeni nafasi mapema inajaa. Begi lisizidi sehemu ya kumi ya uzito wako, pima kwenye mizani usikadirie kwa mkono. Na kuna kampuni zinabeba mabegi kwa gari toka mji mpaka mji, ukiona goti linalia lipia, hiyo haivunji nadhiri.

Hata kupanda basi hakuvunji nadhiri. Ile hati ya mwisho wanayotoa Santiago inataka uwe umetembea kilomita zisizopungua 100 mpaka Santiago, ndo maana watu wengi wanaanzia mji wa Sarria, na mgonge mihuri isiyopungua miwili kila siku. Kwa hiyo ukiruka kipande katikati kwa sababu ya goti na wifi akakitembea mwenyewe mkakutana mbele, hati yako bado ipo.

Kitu kingine ni kuficha maumivu. Rafiki yangu alikuwa na malengelenge toka Pamplona akanyamaza eti asinicheleweshe, tulipofika Logroño kisigino kimeshaingia usaha tukakaa siku mbili hatuendi popote. Angesema siku ya kwanza, tungesimama dakika kumi, soksi kavu, plasta, basi. Kwa hiyo wewe na wifi mpeane ruhusa mapema kabisa ya kusema nimechoka, ya kusema leo nataka kutembea kimya, ya kusema nakuomba unisubiri, na anayeambiwa asinune. Ukweni mambo haya hayasemwi kirahisi najua, mtu anaogopa yatafika kwa mama mkwe au kwa mume, ndo maana nasema yasemeni sasa mkiwa nyumbani mmekaa, msisubiri mfike kwenye zile tambarare kati ya Burgos na León, huko ni siku nyingi za jua na barabara iliyonyooka na kila neno dogo linakuwa kubwa.

Na siku ya mwisho msiachane. Kama kilomita 5 kabla ya kanisa kuu kuna kilima kinaitwa Monte do Gozo, ndipo mahujaji toka zamani walikuwa wanaiona minara kwa mara ya kwanza. Wifi atatangulia kama kawaida yake, mwambie akae hapo avue viatu akusubiri, halafu mshuke mjini wote wawili.